Sato Wako Anatoka Upande Gani wa Ziwa?

Swali lililonishinda niliulizwa Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma, nikiwa nimesimama katikati ya mizabibu na mzee mmoja aliyeshika mkasi wa kukatia vichala. Nilikuwa nimemweleza, kwa maringo kidogo, kwamba mimi ni mtu wa Mwanza, kazi yangu ni kupika samaki, na mtu ambaye hajala sato wa Mwanza bado hajala sato. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, huyo sato wako anatoka upande gani wa ziwa?"

"Ziwani tu, baba," nikajibu.

Hakunicheka. Alinipeleka kwenye mistari miwili ya mizabibu yake, akanichumia punje chache kutoka kila mstari. Za mstari wa juu zilikuwa ndogo, zenye ngozi ngumu kidogo, tamu mpaka zinanata kwenye vidole. Za mstari wa chini, pale udongo unapokaa na unyevu kwa muda mrefu, zilikuwa nene, za majimaji, na utamu wake ulikuwa wa mbali. Akasema mbegu ni moja, siku ya kupogoa ilikuwa moja, na kutoka mstari hadi mstari ni hatua chache tu. "Mnunuzi anayejua kazi," akasema, "hanunui zabibu. Ananunua mstari."

Mimi nimekaanga samaki miaka 19. Sikuwa na jibu la namna hiyo kuhusu samaki hata mmoja aliyewahi kupita kwenye kikaango changu.

Nieleze nilifikaje huko. Mgahawa wangu uko Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Napika sato wa kukaanga na wa kuchemsha, sangara wa nazi, dagaa wa kukaanga na pilipili, na ugali wa dona au wa udaga kwa wanaotaka ladha ya nyumbani kwa bibi. Leseni ya vileo ninayo kwa sababu ya bia. Siku moja alikuja mgeni na wenzake wawili, wakaagiza sato wa kuchoma, na mmoja akauliza kama nina divai ya hapa nchini. Nilikuwa na chupa mbili kabatini, zote za Afrika Kusini. Nikamwambia ya hapa sina. Akasema hamna shida, wakanywa bia, wakalipa, wakaondoka. Lakini neno lile lilinikaa. Nchi yangu inalima zabibu, inakamua divai, nami ninayelisha watu kila siku siijui hata harufu yake, zaidi ya ile ya altareni ninayoiona kwa macho tu.

Mdogo wangu wa kiume alihamia Dodoma na wizara yake wakati serikali ilipohama. Kila akipiga simu huniambia, "Dada, njoo uone makao makuu." Mwaka huo nikaenda. Nilichagua Agosti kwa sababu aliniambia ndiyo wakati wa mavuno ya pili. Mgahawa nikamwachia binti yangu kwa siku tisa.

Kutoka stendi ya Nyegezi hadi Dodoma ni kama kilomita 700. Unapita Shinyanga, Nzega, Igunga, unapanda mlima Sekenke, unafika Singida ambako kila abiria ananunua kuku au mafuta ya alizeti, halafu Manyoni na Bahi. Kadiri tulivyokwenda, kijani kilikuwa kinapungua, mpaka tukabaki na vichaka vya miiba, mibuyu, na udongo mwekundu. Nilidhani tumeshuka sana kutoka kwetu. Baadaye nikaambiwa kwamba Mwanza na Dodoma zinakaribiana kwa kimo, zote ziko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kinachotutenga ni maji. Sisi tunapata mvua mara mbili kwa mwaka na ziwa liko mlangoni. Wao wana msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600.

Ukavu huo, ambao mimi niliuonea huruma, ndio unaowapa zabibu. Mzabibu haupendi kulowa. Ukikaa na unyevu, majani na vichala hushikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa unaoacha unga mweupe kama mtu amepulizia sembe. Nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, Nyakato, palikuwa na mzabibu mmoja aliouotesha kwa kivuli. Kila mwaka ulitoa vichala vitatu au vinne, na kila mwaka viliingia unga kabla ya kuiva. Tulisema mti ule una mkosi. Kumbe ulikuwa umepandwa mahali pasipo pake.

Mzee wa Mpunguzi alinifundisha jambo jingine ambalo sikulitegemea. Katika nchi za baridi, kama Ufaransa na Italia, mzabibu hulala wakati wa majira ya baridi, ukaamka, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akipogoa, anahesabu kama miezi minne, anavuna, anauacha upumzike kidogo, halafu anapogoa tena. Ndiyo maana kuna mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba. Niliuliza yapi ni bora. Akasema ya kiangazi, kwa sababu mvua haiji kuyaongezea maji dakika ya mwisho. Ya masika ni mengi, lakini unalala jicho moja wazi.

Sikwenda peke yangu mashambani. Nilikwenda na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, na ningependa aeleweke vizuri katika simulizi hii kwa sababu ndiye aliyenifungua macho zaidi. Wifi ni Mwislamu. Hanywi, na kwenye kiwanda alisubiri nje kivulini bila kununa wala kumhubiria mtu. Lakini zabibu anazijua kuliko wengi wanaozinywa. Alikuwa akiikamua punje, anatoa kokwa, anaziangalia. "Wifi, tazama. Hizi bado kijani, zitakuuma ulimi. Zikiwa za kahawia kama hizi, zimeiva mpaka ndani." Kisha anatafuna ngozi peke yake, taratibu, na kuniambia nifanye vivyo hivyo. Kinywa kikakauka, ulimi ukawa kama umepitishwa kwenye kitambaa. "Huo ndio ukakasi," akasema. "Unakaa kwenye ngozi na kwenye kokwa. Nyama yake haina."

Ukakasi! Neno hilo nimelitumia tangu utotoni kwa ndizi mbichi. Siku ya pili yake, katika kiwanda kimoja upande wa Hombolo, kijana aliyetutembeza alihangaika kutafuta neno la kueleza kwa nini divai nyekundu inakausha kinywa, akaishia kulitaja kwa lugha ya watu. Nikamwambia, "Mwanangu, sema ukakasi." Akafurahi sana. Tukaendelea hivyo hivyo: ugwadu kwa uchachu unaotoa mate, ukali kwa kilevi kinachochoma koo, utamu wa mbali kwa ule unaokuja ukishameza. Watu wengi niliokutana nao wanaamini kuonja divai ni elimu ya wageni. Mtu aliyewahi kuonja mchuzi na kusema "umepungukiwa ndimu" ameshaianza elimu hiyo.

Hombolo iko kama kilomita 40 kaskazini mashariki ya jiji, na kuna bwawa kubwa lililojengwa mwaka 1957. Mashamba ya zabibu yametanda pande zake, mizabibu imenyooshwa kwenye nyaya na nguzo. Kiwandani palinukia kitu nilichokijua mara moja: harufu ya chungu cha togwa iliyopitiliza. Kijana akatueleza hatua kwa hatua. Ukikata zabibu nyekundu, ndani ni nyeupe. Rangi yote iko kwenye ngozi. Kwa hiyo divai nyekundu huachwa ichachuke pamoja na ngozi zake, siku kadhaa, huku wakiichanganya. Nyeupe hukamuliwa kwanza, ngozi zikatupwa, ndipo maji yake yanachachuka peke yake. Hamira hula sukari, ikatoa kilevi na gesi. Sukari ikiisha yote, divai huwa kavu. Ikibaki, huwa tamu.

Alipotuonyesha mapipa ya mbao akasema, "Hii imekaa kwenye mwaloni." Nilishtuka, nikamwona mama muuza dagaa wa Kirumba mbele yangu. Kwetu mwaloni ni pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa. Kumbe ni jina la mti pia, mti wa nchi za baridi ambao mapipa hutengenezwa kwa mbao zake. Nilibaki nikilirudia neno hilo njia nzima ya kurudi mjini.

Nilionja aina nne. Chenin Blanc, nyeupe, mbegu iliyotoka Ufaransa, yenye ugwadu safi kama wa embe linalokaribia kuiva. Syrah, nyekundu, nzito, na ukakasi wa kutosha. Makutupora Nyekundu, ambayo imechukua jina la Makutupora, kaskazini mwa jiji, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu. Hii wakulima wengi wanaipenda kwa sababu inavumilia na inazaa. Mwisho dompo, tamu, ya rangi ya damu ya mzee, yenye kilevi kinachozidi divai ya kawaida. Dompo ndiyo inayonyweka zaidi mitaani, na watu wa Dodoma wana mapenzi nayo ya kweli. Mimi niliipenda kijiko kimoja tu. Niliyoipenda kikombe kizima ni Chenin Blanc, na hapo hapo nilimwona sato kichwani.

Chakula nacho kilikuwa shule. Jumamosi tulikwenda mnada wa Msalato. Nyama ya mbuzi na ya ng'ombe inachomwa kwenye vijiti vilivyochomekwa kuzunguka moto, inakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili pembeni, basi. Mdogo wangu alikuwa amebeba chupa ya Makutupora Nyekundu. Ile divai niliyoiona kiwandani kuwa inakausha kinywa, nilipoinywa baada ya pande la mbavu lenye mafuta, ukakasi wote ulilainika. Mafuta yaliufunika. Nikarudia mara tatu nisije nikawa nimejidanganya: divai peke yake inakwaruza, nyama kisha divai inateleza.

Jioni wifi alitupikia ugali wa uwele na mlenda mkavu uliosagwa, alioujifunza kwa majirani zake Wagogo. Ugali wa uwele una rangi ya jivu na harufu ya karanga iliyokaangwa, na mlenda wake unavutika kuliko ule wetu. Hapa nasema nilivyoona mimi: kwa mlenda hakuna divai niliyoonja inayofaa. Divai inausukuma, nao unakataa. Kinachoufaa ni maziwa ya mgando, na wenyeji wanajua hivyo tangu zamani.

Siwezi kuondoka Dodoma bila kusema lililoniumiza. Mashamba matatu niliyopita, niliona vichala vimekaukia mtini. Si ugonjwa. Mnunuzi hakuja, au alikuja na bei ambayo haikurudisha hata gharama ya dawa na vibarua. Zabibu za divai hazikai. Ukishazivuna una siku chache tu, na za divai hazina soko la kuliwa mezani kama zile kubwa zinazouzwa kwenye bakuli stendi. Wakulima wengine wameungana, wanakamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, ili wasubiri bei wakiwa na kitu kisichooza. Mama mmoja aliniambia anapoona lori la mnunuzi linapita bila kusimama, mikono inakufa ganzi. Mikono hiyo naijua. Ni ile ya mama wa mwaloni mwenye ndoo tano za sato saa nane mchana, barafu imekwisha, na wanunuzi wameshaondoka.

Sasa lile la chupa. Siku ya kuondoka nilinunua divai ya kienyeji kando ya barabara, chupa tatu za plastiki za lita moja na nusu, kutoka kwa mtu aliyeniambia imeshatulia. Nilizifunga kwa khanga nikaziweka kwenye kapu miguuni. Jua la njiani lilikuwa kali. Tulipokuwa tunashuka Sekenke, chupa moja ikafyatuka. Mlio wake ulimfanya dereva apunguze mwendo akidhani ni tairi. Divai ilimmwagikia mama aliyekaa pembeni yangu, gauni lake jeupe la kwenda msibani, kuanzia kiunoni hadi chini. Yule mama hakusema neno baya. Alinitazama tu, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Igunga niliteremka nikamnunulia kitenge, akakipokea, tukasafiri kimya hadi Nzega ambako alishuka. Hadi leo namuombea.

Niliyoelezwa kiwandani yalikuwa yamenipitia masikioni bila kuingia. Divai ile haikuwa imetulia. Hamira ilikuwa bado inakula sukari, joto la basi likaiongezea nguvu, gesi ikakosa pa kutokea. Tangu siku hiyo sinunui divai ambayo muuzaji hawezi kuniambia ilianza kuchachuka lini na iliacha lini.

Nyumbani nilianza majaribio, jioni baada ya wateja kuisha, mimi na binti yangu na jirani mmoja fundi wa mitumbwi mwenye ulimi mkali. Chenin Blanc na sato wa kuchoma ilikuwa kama nilivyoota. Ugwadu wake unafanya kazi ya ndimu, tena kwa upole, unasafisha mafuta na kuacha utamu wa samaki. Kwa sangara, ambaye ana mafuta mengi zaidi, iliyumba kidogo nilipompika kwa nazi, ikakaa sawa nilipomchoma. Divai nyekundu na dagaa ilikuwa balaa. Ilituacha na ladha ya msumari kinywani, wote watatu, na fundi akatema. Chanzo ni madini ya chuma yaliyomo kwenye divai nyekundu yanapokutana na mafuta ya samaki. Dompo niliijaribu na matobolwa yaliyopikwa kwa karanga, vile viazi vitamu tunavyovichemsha kwanza ndipo tukavianika. Binti yangu akasema, "Mama, hii iweke kwenye orodha." Naiweka wakati wa kiangazi.

Miezi michache baadaye nilipanda meli usiku kwenda Bukoba kwenye harusi ya upande wa marehemu mume wangu. Rubisi, ile pombe ya ndizi, nimeiona maisha yangu yote na sikuwahi kuiangalia. Safari hii niliomba nionyeshwe. Ndizi zinaivishwa kwanza, zinamenywa, zinatiwa kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi, pamoja na majani, na wanaume wanazikanyaga kwa miguu mpaka maji yatoke. Kisha unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake iko tayari. Mzee aliyesimamia kazi alinieleza ni ndizi za aina gani zinafaa na zipi haziingii kabisa kwenye gogo, na za shamba la nani ndizo zinazokubali. Alisema kama mtu anayetaja majina ya wajukuu. Nikamkumbuka mzee wa Mpunguzi na mistari yake. Hakuna aliyewahi kumwita mzee huyu mtaalamu, na rubisi yake haijawahi kuwekewa karatasi ya jina.

Ndipo nilipoamua kulijibu lile swali.

Nilianza kwenda Mwaloni alfajiri mwenyewe badala ya kumtuma kijana. Nikawa nauliza: huyu katoka wapi, kavuliwa lini, kwa wavu au kwa ndoano, barafu aliipata saa ngapi? Mwanzoni nilichukiwa. "Mama, unanunua au unaandika sensa?" Nikaendelea. Baada ya wiki kadhaa wachache wakazoea, na wawili wakaanza kuniambia kabla sijauliza. Nikajua kutofautisha sato wa ziwani na wa vizimba. Wa vizimba hulishwa, hukua sawasawa, nyama yake ni laini na ana mafuta tumboni. Anafaa kuchemsha na kuchoma. Wa ziwani nyama yake imekaza, anastahimili mafuta ya moto bila kuvunjika. Kabla ya hapo wote nilikuwa nawakaanga vilevile, kisha namlaumu mpishi kwamba leo samaki wamevunjika.

Kwa dagaa tofauti ni kubwa zaidi, na hapa natamani kila mama wa Mwanza anisikie. Dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga huja na mchanga, hata uwaoshe maji saba. Wanaoanikwa kwenye chanja hukauka juu na chini kwa pamoja, wanang'aa, na hawanuki. Bei yao iko juu, na inastahili. Kazi ya kuinua chanja na kugeuza dagaa ni ya wanawake kwa sehemu kubwa, na mvua ikinyesha ghafla ndio wanaokimbia. Mnunuzi asiyeuliza anawalipa sawa na aliyemwaga ufukweni akaenda kulala.

Nikanunua ubao mweusi na chaki. Kila asubuhi naandika: "Sato wa ziwani, Ukara, amefika leo. Sato wa vizimba, amevuliwa jana jioni. Dagaa wa chanja, Kome." Chini naandika divai inayofaa kwa anayetaka, na maji ya ukwaju kwa asiyekunywa. Dereva anayeendelea na safari simuuzii divai, hata abembeleze. Mteja mmoja wa miaka mingi aliposoma "vizimba" alikasirika, akasema siku zote nimekuwa nikimlisha samaki wa kufugwa bila kumwambia. Alikuwa na haki. Nilimwomba radhi, akakaa wiki tatu bila kuja. Aliporudi alisoma ubao wote, akaagiza wa Ukara, kisha akaniuliza Ukara ni mbali kiasi gani kutoka Nansio.

Mwaka huu, Mei, nilifunga kilo mbili za dagaa nikampa kondakta wa basi la Dodoma ampelekee mdogo wangu, naye akampelekee yule mzee. Ndani niliweka karatasi. Niliandika kwa mkono: dagaa wa Kome, wamevuliwa kwa taa, usiku wa tatu wa giza, wameanikwa kwenye chanja siku moja na nusu, jua lilikuwa kali. Nilieleza pia kwamba dagaa huvuliwa mwezi usipoonekana, kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa za wavuvi na dagaa hawakusanyiki.

Siku nne baadaye simu iliita. Wifi alikuwa shambani kwa yule mzee, akampa simu. Alinisalimu, akanishukuru, akasema mke wake amewachanganya na karanga na wamekula na ugali wa uwele hadi sufuria ikalia. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mama," akasema, "umeandika usiku wa tatu. Na wale wa usiku wa kwanza wa giza, wao wakoje?"

Nilimwambia anipe muda. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Mwaloni, giza bado, taa za mitumbwi zinarudi moja moja kutoka upande wa Ukerewe. Nikamngoja mvuvi wa kwanza afunge kamba yake.